Panga Kwanza, Nunua Baadaye

Dalali wa Dar es Salaam hauzi nyumba, anauza haraka. Ukimpigia simu asubuhi, saa nne atakwambia kuna mama mmoja katoka benki sasa hivi na hela yake kwenye pochi, na mwenye nyumba kasema atakayewahi ndiye mwenye mali. Mama huyo humwoni. Ukifika Kinondoni utatoa elfu kumi au ishirini ya kuonyeshwa, utapitishwa kwenye vichochoro kwa mwendo wa mchakamchaka, utachungulia vyumba sita na uani, na kabla hujajua choo kiko upande gani utaulizwa: "Bosi, tunalipia lini?"

Simlaumu. Anaishi kwa asilimia yake, na asilimia hailipwi kwa mtu anayetafakari. Lakini nyumba ya mtaani, yaani ile iliyo kwenye mtaa mdogo wa watu wanaojuana, ni bidhaa isiyokaguliwa kwa dakika arobaini. Ushauri ninaotaka kuutetea katika sura hii ni mmoja, na madalali hawaupendi: kama unataka kununua kwenye mtaa wa namna hiyo, tafuta kwanza chumba humo humo, lipa kodi ya miezi sita, ukae. Ukitoka hapo utajua unanunua nini na unanunua ujirani wa nani.

Nauchukua mtaa wa Hananasif kwa mfano, ingawa mengi nitakayosema yanahusu pia Keko, Mabibo, Manzese au Buguruni. Hananasif uko Kinondoni, jirani na Mkwajuni, umeinamia Bonde la Msimbazi. Ukiwa na miguu mizuri unatembea mpaka katikati ya mji. Ndiyo maana ukajaa. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipoligawa jiji katika kanda tatu miaka ya 1920, Wazungu upande wa pwani ya kaskazini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, haikufikiria kwamba siku moja watu wangezidi viwanja. Baada ya uhuru walizidi. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa bila kuhamishwa. Wasiopata kiwanja kule walifanya kama walivyofanya waliowatangulia: walimwendea mwenye shamba, wakakubaliana bei ya kipande, wakaandikiana karatasi mbele ya mjumbe na majirani, wakajenga. Jiji lenyewe, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, limejengwa hivyo kwa sehemu kubwa. Makadirio ya kawaida ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wake wanaishi kwenye maeneo ambayo mchoro wa mipango miji haukuwahi kuyatangulia.

Kwa hiyo ukiambiwa "nyumba inauzwa Hananasif," uliza mara moja: inauzwa kwa karatasi gani? Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Raia anamiliki haki ya kuitumia, na haki hiyo ikiwa na hati inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Katika mitaa kama huu nyumba zenye hati ni za kutafuta kwa tochi. Nyingi zina kimoja kati ya viwili: karatasi ya mauziano iliyokunjwa mara nne na kuhifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, au leseni ya makazi. Leseni hizi zilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004, serikali ilipotuma watu kuhesabu na kuorodhesha majengo ya maeneo yasiyopimwa. Muda wake ni wa miaka michache na unahitaji kuhuishwa. Wengi walijiandikisha, wachache wakaenda kuzichukua, na waliozichukua si wote waliokumbuka kuzihuisha. Usishangae ukionyeshwa leseni iliyokwisha muda zamani, imewekewa lamineti na kutundikwa ukutani pembeni ya kalenda.

Karatasi ya mauziano ndiyo inayostahili kusomwa taratibu. Nilipata kushuhudia kiwanja chenye nyumba kikipimwa katika mtaa wa aina hii, mdogo wangu ndiye mnunuzi. Karatasi ya muuzaji ilikuwa ya mwaka 1983, imeandikwa kwa peni ya bluu, kwamba fulani amemuuzia fulani "kiwanja chenye urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua kumi na tano, mpaka wa kaskazini ni mnazi." Basi. Hakukuwa na bikoni wala ramani. Muuzaji mwenyewe, mtoto wa yule aliyenunua 1983, alianza kuhesabu hatua kutoka kwenye ukuta wa choo. Alikuwa mrefu, na siku ile alizidi kuwa mrefu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa barazani kwake akichambua mchicha akamtazama mpaka hatua ya tano, kisha akasema kwa sauti ya kutosha wote tusikie:

"Huyo anapima kiwanja au anaruka mtaro?"

Watu wakacheka. Mjumbe akacheka pia, ila akamgeukia bibi kwa adabu. "Bibi, wewe ulikuwepo. Mnazi ulikuwa wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnazi uko pale pale. Inueni hilo banda la kuku."

Banda likainuliwa, kuku wakatawanyika, na chini yake, kimeoza nusu, kulikuwa na kisiki. Kutoka hapo mpaka ukutani kwa bibi ilikuwa kama hatua moja na nusu, na muuzaji alikuwa amekwisha kuihesabu ile moja na nusu kwenye kiwanja chake. Sidhani alikuwa mwizi. Alikua akiliona banda la kuku pale, na baba yake hakuwahi kumwambia habari ya mnazi. Mdogo wangu angenunua kupitia dalali peke yake angelipia kipande cha bibi, na bibi angekaa kimya mpaka siku mafundi wanachimba msingi.

Tukio lile lilinionyesha kazi ya majirani kwenye mauziano ya mtaani. Watu hudhani wanaitwa kwa heshima tu, watie saini, wapewe soda na elfu tano ya vocha. Wao ndio ramani. Karatasi inautaja mnazi, na mnazi umo kichwani mwa bibi. Siku bibi akifariki, mpaka ule utategemea nani alikuwepo siku banda la kuku lilipoinuliwa, na ndiyo sababu mjumbe mwenye akili alituandikisha wote, pamoja na kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama kutazama. Tulichukua pia utepe, tukapima kwa mita, tukaandika vipimo kwenye mkataba mpya ambao wakili aliugonga muhuri wiki iliyofuata. Hatua ishirini za 1983 zilitoka mita kumi na sita na kidogo. Aliyezipiga alikuwa mfupi.

Sasa tuseme juu ya huyo mjumbe. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi wa shina, yaani huyo mjumbe, ni kiongozi wa CCM, si wa serikali. Serikali mtaani ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayechaguliwa, na mtendaji wa mtaa, anayeajiriwa. Ila mwenyekiti anaweza kuwa na maelfu ya watu, na mjumbe ana nyumba anazozijua mpaka mbwa wake. Fanya yote mawili: mjumbe akujulishe kwa majirani, ofisi ya serikali ya mtaa ithibitishe kwa muhuri kwamba muuzaji anatambulika. Utaombwa mchango. Mitaa mingi imezoea kudai asilimia kumi ya bei ya mauziano, na viongozi wa juu wamekwisha kulikemea jambo hilo hadharani bila desturi kufa. Msimamo wangu ni kwamba toa kile unachopewa stakabadhi yake. Kisicho na stakabadhi ni zawadi, na zawadi hupangwa kiwango na mtoaji.

Kuna mambo mawili ambayo hata mwenyekiti hawezi kukuthibitishia kwa muhuri. La kwanza ni mke, au mume. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyeko Tanga kwa mama yake ni mke bado. Nimesikia wanunuzi wakiambiwa "mama watoto anajua," wakaridhika, kisha mama watoto akashuka kwenye basi miezi mitatu baadaye hajui lolote. Aje atie saini, au aandike ridhaa mbele ya wakili huko aliko.

La pili ni mirathi, na hapa ndipo nyumba nyingi za mtaani zilipo. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vinavyotazamana na ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, ilijengwa na mzee ambaye sasa ni marehemu. Watoto saba wamepangisha vyumba vinne na wanagombana juu ya kodi. Mmoja wao, mara nyingi anayeishi humo, ndiye anayekupeleka kwa dalali. Huyo hana mamlaka ya kuuza hata mlango. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi wake uko kwenye Fomu Namba 4. Iombe. Omba pia kuona muhtasari wa kikao cha familia na orodha ya mali ya marehemu ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha mahakamani, uhakikishe nyumba hiyo imo. Kisha, kwa kuwa karatasi zinaweza kusema watoto watano wakati mtaa unawajua saba, rudi kwa majirani. Swali lenyewe ni jepesi: "Marehemu aliacha watoto wangapi?" Ukimwuliza mtu anayekuona kwa mara ya kwanza atakujibu "Mungu ndiye anayejua." Ukimwuliza mama uliyekaa naye jikoni miezi minne mkisubiri maji, atakutajia na yule wa Mafia ambaye familia haimtaji.

Hapo ndipo faida ya kupanga inapoanza kuonekana. Chumba kimoja kwenye nyumba ya watu wengi si starehe. Utalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, pengine na ya mwezi mmoja kwa dalali. Utachangia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wengine na kila mwezi atakuwepo mmoja anayepika kwa jiko la umeme usiku na kukana mchana. Kwenye LUKU hiyo hiyo, tangu Agosti 2021, serikali inakata kodi ya jengo, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikaja kupandishwa kuwa 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayeilipa ni anayenunua umeme, na njia ya mpangaji kurudishiwa ni kumkumbusha mama mwenye nyumba bila kumuudhi. Ukiweza mazungumzo hayo, kununua nyumba hakutakushinda.

Unachokilipia hasa katika miezi hiyo ni masika. Usinunue nyumba Dar es Salaam ambayo hujawahi kulala jirani nayo kati ya Machi na Mei. Nyumba inayoonyeshwa Agosti ni kavu, ukuta umepakwa chokaa mpya, na ule mstari wa kijivu uliokuwa usawa wa goti umefunikwa. Mvua ikinyesha siku mbili utaona maji yanaingilia wapi, yanatuama kwa nani, na nani anakesha na ndoo. Utaona pia kile ambacho hakuna dalali atakayekitaja, kutapisha vyoo. Mahali ambapo gari la kunyonya maji taka haliwezi kufika, na shimo limejaa, wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku, wanatoboa tundu pembeni ya shimo na kuuachia mtaro umalize kazi. Wapo pia vyura, vijana wanaoshuka shimoni kwa malipo, wakachimba shimo jingine pembeni na kuhamisha. Kiwanja chako kikiwa chini ya mteremko, choo cha jirani wa juu ni sehemu ya ununuzi wako. Kwa hiyo ukikagua nyumba pima kwa macho njia ya gari: gari la majitaka linafika umbali gani, mpira wake unafika wapi. Kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko vigae.

Hananasif wanaijua mitaro kuliko mitaa mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wake waliingia kwenye mradi wa uboreshaji uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, ambamo wao wenyewe, wanawake kwa wanaume, walichimba na kujenga mitaro na barabara za changarawe kwa mikono na kulipwa ujira. Ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano na wataalamu wa miji waliandika sana juu yake. Lililofuata linajulikana na kila mpangaji: mtaa ukipata mtaro na barabara, kodi inapanda, na aliyechimba mtaro akiwa mpangaji anaweza kulazimika kuhamia mbali. Simaanishi mitaro isijengwe. Namaanisha kwamba anayeuona mtaro ukichimbwa akiwa ameshanunua, hata chumba na kipenu, yuko upande tofauti wa hesabu na anayeuona akiwa na mkataba wa miezi sita. Kupanga kusigeuke kuwa kuahirisha.

Kisha kuna bonde. Majirani wanaweza kukulinda dhidi ya majirani, na karatasi inaweza kukusaidia mbele ya hakimu, lakini kwa Msimbazi vyote viwili ni bure. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufuo wa bahari. Mita hizo 60 mtaani hazionekani, kwa sababu zimejaa nyumba. Desemba 2011 mto ulizichukua kwa nguvu. Zaidi ya watu 40 walikufa katika mafuriko ya jiji, na familia zilizokuwa mabondeni zikapelekwa Mabwepande, mwisho wa jiji, mbali na kila walichokuwa wakikifanyia kazi. Wengine walirudi. Desemba 2015 yakaja matingatinga upande wa Mkwajuni na nyumba zilizokuwa na alama nyekundu ya X zikaangushwa, na baadhi ya waliovunjiwa walisimama juu ya kifusi wakionyesha waandishi wa habari leseni za makazi na risiti za kodi ya jengo. Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na washirika wake, ambao unataka kuligeuza bonde la chini kuwa bustani na njia ya maji, na wengi wa waliokuwemo wamefanyiwa tathmini waondoke.

Somo la kifedha hapa ni kali na watu hawalipendi. Nyumba mbili zenye vyumba sawa, moja juu kwenye barabara na nyingine chini karibu na maji, zinaweza kutofautiana bei mara tatu, na bado ile ya chini ikawa ghali. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya leseni au mahali palipo nyumba, uliza mchoro unapaita nini: makazi, hifadhi ya barabara, au eneo hatarishi. Uliza pia mtaani ni nyumba zipi ziliwahi kupigwa X, kwa sababu X hupakwa rangi juu. Watoto wanazikumbuka zote.

Wapo watakaosema, kwa nini usumbufu wote huu wakati kuna maghorofa? Swali zuri. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008 iliruhusu mtu kuwa na hati ya fleti yake peke yake, na ukiwa na kipato cha kukopesheka benki, fleti yenye hati ni salama kuliko nyumba nyingi za mtaani. Magomeni Kota, ambako familia 644 ziliondolewa nyumba za zamani zikavunjwa, na baada ya kungoja miaka mingi fleti mpya zikazinduliwa Machi 2022, ni ushahidi kwamba hata mtaa mzima unaweza kupanda juu. Lakini fleti hailei kuku, haina baraza ya kuuzia vitumbua, haiongezeki chumba mtoto akioa, na haikupi vyumba vinne vya kupangisha uzeeni. Kwa watu wengi wa mji huu nyumba ya Kiswahili ndiyo pensheni. Kariakoo wamekwisha kuigundua njia ya tatu: ukoo unatoa kiwanja, mwenye mtaji anajenga ghorofa, ukoo unapewa sehemu zake. Mikataba ya aina hiyo inahitaji sura yake, tena ndefu, na mhandisi wa kuaminika kabla ya wakili. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 halijasahaulika.

Turudi kwenye mtaa mdogo, na kosa la wanunuzi wapya linaloniudhi kuliko yote, la kujenga ukuta mwezi wa kwanza. Mtu amehangaika, amelipa, anataka kuona mali yake imezungushiwa. Anajenga mpaka inchi ya mwisho ya karatasi yake na kufunga kichochoro ambacho watu wamepita tangu mtaa uwe mtaa. Anaweza kuwa na haki. Kichochoro kile hakimo kwenye mkataba wa mtu yeyote, kila mmoja alikiachia futi moja na nusu upande wake. Siku ya msiba nyuma ya nyumba yake ndipo jambo litasemwa, maana jeneza halikati kona ya upana wa bega. Nimewahi kuona likipitishwa juu ya ukuta, wanaume sita upande huu wakilipokeza kwa sita wa upande ule, na mwenye ukuta amesimama mlangoni hajui ashike wapi. Kisheria hakuna aliyemfanya lolote. Ila kesi yake ya mpaka ilipofika Baraza la Kata, chombo ambacho siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu kabla ya watu kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hakupata shahidi hata mmoja aliyekumbuka mpaka wake ulikuwa wapi.

Aliyepanga kwanza hafanyi kosa hilo, kwa sababu amekwisha kubeba jeneza mwenyewe kwenye kichochoro kile. Ana daftari la mchango wa misiba, anajua ni siku gani maji ya bomba yanatoka, anajua muuza genge yupi anakopesha. Na anajua habari zinazohusu pesa yake kuliko zote: nyumba ipi inakaribia kuuzwa. Nyumba nzuri mara chache hufika kwa dalali ikiwa bado nzuri. Husikika kwanza arobaini ya mzee ikipita na watoto wakaanza kuulizana, au kijana wa pale kapata safari ya Oman na anahitaji nauli, au mama amechoka na mji anataka kurudi Rufiji. Habari hiyo huanzia uani, kwenye karo la kufulia. Mama mwenye nyumba akishakujua humtumi mtu kuuliza bei. Atakwambia mwenyewe, tena kwa kuzunguka: "Mwanangu, hivi wewe unaona huu mji mtu akae mpaka lini?" Jibu lake ni kuvuta kigoda.

Bei mtakayopatana haitakuwa ya dalali, na pengine atakubali uilipe kwa mafungu matatu, kwa vile anajua unapofanya kazi na unarudi saa ngapi. Kila fungu liandikiwe, litiwe saini na mashahidi wale wale, na lipite benki au kwenye simu ili alama ibaki. Ukimaliza, badilisha jina kwenye LUKU, kwenye bili ya maji, kwenye leseni. Kama kuna hati, lipa ushuru wa stempu wa asilimia moja na ufanye uhamisho kamili, usiiache kwa jina la marehemu kwa sababu tu "wote tunajuana." Na hata mama akiwa amekulea miezi sita hiyo kama mwanawe, kama nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, mwombe kwa upole ile Fomu Namba 4, kisha panda daladala uende Mahakama ya Mwanzo uombe kuona jalada lenyewe.